Mnyauko katika Kitalu cha Mama

Kila siku ya shule, kabla jua halijapata nguvu ya kupenya ukungu, Chiriku alikuwa amekwisha kufanya kazi za mtu mzima. Alikoka moto, akabandika chai, akafagia uwanja, kisha akamkamata mdogo wake Kibabu na kumwosha uso kwa maji ya baridi, naye mtoto akapiga kelele utadhani anachunwa ngozi.

Kibabu alikuwa na miaka minne tu. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kutembea ameweka mikono nyuma na kukohoa kidogo kabla ya kusema neno.

"Dada," alisema asubuhi moja baada ya kukohoa, "kwa nini maji ya kwetu ni ya baridi hivi?"

"Kwa sababu tunakaa mlimani. Kadiri unavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi. Geuza shingo."

"Basi tuhamie chini."

"Hama wewe, sisi tutakuja kukutembelea. Geuza shingo, nimesema!"

Chiriku naye alipewa jina lake enzi zile alipokuwa akiongea tangu anaamka hadi anasinzia. Siku hizi hakuwa na maneno mengi. Mama yao alikuwa amefariki mwishoni mwa kiangazi, mvua za kupandia zilipokuwa zinakaribia. Aliugua kwa muda mfupi sana, hata majirani wengine walipata habari ya ugonjwa na habari ya msiba siku moja. Tangu hapo nyumba ilipoa. Watu waliendelea kumwita binti yule Chiriku kwa mazoea tu.

Kazi yake ya mwisho kabla ya kwenda shule ilikuwa kupita kwenye kitalu cha mama.

Kitalu hicho kilikuwa kipande cha shamba juu ya nyumba, katika ngazi ya tatu ya mteremko, kilichozuiwa na ukuta wa mawe meusi alioujenga baba kwa mikono yake. Baba alikuwa fundi wa kuta za mawe. Bila kuta zile udongo wa mlimani ungeshuka wote bondeni na mvua. Katika kitalu mama alipanda viazi mviringo, lakini si viazi vya kula. Kila msimu alipita mstari kwa mstari, akachomeka kijiti kando ya kila shina lililoonekana lenye afya, na wakati wa mavuno viazi vya mashina hayo tu ndivyo alivyoviweka kuwa mbegu. Alifanya hivyo tangu Chiriku hajazaliwa. Mbegu yake ilizoea baridi na ukungu wa pale, na watu wa mteremko mzima waliijia kwake.

Hakukuwa na mtu aliyeruhusiwa kuingia kitaluni hivi hivi. Pale penye lango mama aliweka karai la maji yenye dawa ile ya kufulia nguo nyeupe, pamoja na brashi. Kila aliyefika aliosha viatu na jembe kwanza, awe shemeji, awe mwenyekiti wa kijiji. Watu walimtania sana.

"Daktari, wagonjwa wako hawajambo leo?" walimwuliza.

"Hawajambo, ila miguu yako ndiyo migonjwa. Osha," mama aliwajibu, nao wakaosha huku wakicheka.

Mama alipenda pia kumsimulia Chiriku habari za mlima wenyewe. Alimweleza kwamba zamani sana, kabla ya watu, mlima ule ulitema moto na majivu. Ule moto ulipopoa ukawa mawe meusi anayoyapasua baba. Majivu yakachanganyika na majani yaliyooza, yakawa udongo mweusi, laini, unaoshika maji. Mvua ikinyesha huzama chini mpaka igonge mwamba. Hapo maji hukosa njia ya kushuka zaidi, hivyo hupita pembeni mpaka yanatokea nje mahali fulani yakawa chemchemi. Chemchemi yao ilitokea juu ya kitalu, na kutoka hapo mfereji uliteremka ukipita kando ya viazi vya mama, ukaingia shamba la jirani yao Mama Pacha, kisha mashamba ya wengine hadi bondeni.

"Kwa hiyo sisi sote wa mteremko huu tunatumia maji mamoja," mama alisema. "Ukiyachafua hapa, unamchafulia mwenzio kule."

Baada ya mazishi, majirani walikuja na majembe yao wakalima kitalu na kupanda mbegu zilizokuwa stoo. Viazi viliota vizuri, vikajaa majani, vikaanza kutoa maua meupe. Lakini baba hakukanyaga tena pale. Alishughulika na mahindi na kabichi nyuma ya nyumba, na alipokuwa na mawe ya kupasua aliyapasua mpaka giza. Jioni alimwuliza Chiriku, bila kumtazama usoni, "Vipi viazi vya mama yako?"

"Salama, Baba," Chiriku alijibu. Na kweli, kwa muda mrefu ilikuwa salama.

Siku moja aliporudi kutoka shule mchana, jua likiwa kali kuliko kawaida ya mlimani, alipita kitaluni na kuona jambo lililomfanya asimame. Shina moja katikati ya mstari lilikuwa limeinamisha kichwa. Majani yake yalikuwa bado ya kijani kibichi. Hayakuwa na doa wala tundu la mdudu. Alichuchumaa, akatia kidole ardhini. Udongo ulikuwa na unyevu.

Maneno ya mama yalimjia yote, hata sauti yake. "Mmea wenye kiu hulegea pamoja na wenzake, na ukiupa maji unapona. Lakini ukiona mmoja umenyauka peke yake mchana, na majani ni mabichi, na udongo una maji, usiuguse. Niite."

Niite. Sasa angemwita nani?

Alijua pia kilichofuata, maana aliwahi kumwona mama akikifanya kwenye shamba la watu wengine. Ugonjwa ule unaitwa mnyauko. Hauna dawa. Unakaa ndani ya shina na ndani ya kiazi chenyewe, na unakaa ardhini miaka. Kitalu kikiupata, mbegu yote iliyomo si mbegu tena. Hung'olewa yote, hata mashina yanayoonekana mazima. Yaani baba akiambiwa, kila kitu ambacho mama alikichagua kwa miaka yote ile kitatupwa shimoni.

"Hapana," Chiriku alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake. "Hapana, bwana. Ni jua tu."

Alichota maji kwa mikono, akalinyweshea lile shina. Kesho yake asubuhi alilikuta limesimama wima kama halijawahi kuumwa. Alifurahi karibu aruke. Kumbe baridi ya usiku ndiyo iliyolipa nguvu kidogo. Mchana liliinama tena, na siku zilizofuata halikuinuka hata asubuhi, na la jirani yake likaanza.

Hapo Chiriku alifanya kosa ambalo usingetegemea lifanywe na mtoto wa mama yule. Aliyang'oa yale mashina mawili pamoja na udongo wake, akatazama huku na huku, akayatupa kwenye mfereji. Maji yakayachukua. Alisogeza majani ya mashina ya pembeni ili pengo lisionekane, akanawa mikono mle mle mferejini, akaenda kupika.

"Vipi viazi vya mama yako?" baba aliuliza jioni ile.

"Salama, Baba."

Usimwone mtoto huyu ni mjeuri. Alipolala usiku alijifunika blanketi mpaka kichwani na kuongea na mama yake, akimwomba asikasirike. Akaahidi kwamba mashina yale mawili yatakuwa ya mwisho. Lakini mnyauko hausikilizi ahadi. Wiki zilipita, mvua zikakatika kabla ya wakati wake, jua likazidi ukali, na kila alipopita mchana alikuta mengine yameinama. Aliyang'oa. Akayatupa kule kule.

*

Jumamosi moja Mama Pacha alipiga hodi. Huyu alikuwa jirani wa chini, mwanamke mwenye watoto mapacha wachanga na mume asiye na nguvu tangu aanguke kutoka juu ya paa. Shamba lake la viazi ndilo lililolisha nyumba yote. Baba alikuwa ameondoka kwenda kujenga ukuta wa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo kidogo unitazamie kitu. Marehemu angekuwepo ningemwita yeye, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukifuatana naye kama kivuli. Macho yake unayo."

Walishuka pamoja, Kibabu akifuata nyuma na mikono yake mgongoni. Katika shamba la Mama Pacha, kwenye mstari ulio karibu kabisa na mfereji, mashina manne yalikuwa yameinamisha vichwa.

Chiriku hakuhitaji kuchuchumaa. Alijua papo hapo ugonjwa umetoka wapi.

"Mimi nimejilaumu usiku kucha," Mama Pacha alisema. "Najiambia, labda siku moja nilikuwa na haraka ya watoto, sikuosha jembe vizuri. Niambie ukweli, mama. Kama ni ule ugonjwa, niyang'oe sasa hivi, nimwite na bibi shamba. Kama ni kiu tu, nitashukuru Mungu."

Chiriku alitazama yale mashina. Akisema ni mnyauko, bibi shamba atakuja, na bibi shamba akija hataishia hapa. Atafuata mfereji kwenda juu, hadi kitaluni.

"Ni kiu," alisema.

"Kweli?"

"Mvua zimekatika. Ni kiu tu, mama."

Mama Pacha alishusha pumzi ndefu. Alimkumbatia, akamshika mashavu kwa mikono yake yenye udongo. "Umenitua mzigo, binti yangu! Ngoja basi niwape maji. Leo leo nafungua mfereji wote, wanywe mpaka waseme basi."

Chiriku alipanda kurudi nyumbani akiwa amemshika Kibabu mkono. Alifika uwanjani, akachukua sahani za kuosha, akaziweka chini tena.

"Dada," Kibabu alisema, "Mama Pacha amefurahi sana. Umemwambia nini kizuri?"

Chiriku aligeuza shingo kuelekea mfereji. Alikuwa akisikia maji. Mfereji uliokuwa ukipita polepole siku zote sasa ulikuwa ukivuma, kwa sababu Mama Pacha alikuwa ameondoa mawe yote yaliyouziba upande wake. Maji yalikuwa yakipita kando ya kitalu cha mama, penye mizizi iliyooza, na kuteremka moja kwa moja hadi kwenye kila mstari wa shamba la mwanamke yule mwenye watoto wawili mgongoni.

Alitupa kitambaa cha sahani na kutimua mbio. Hakufuata njia. Aliruka kuta za mawe alizokatazwa kuruka, akaanguka, akachubuka goti, akainuka.

"Funga maji!" alipiga kelele. "Mama Pacha, funga maji! Funga maji!"

Mama Pacha alisimama na jembe mkononi, amepigwa na butwaa. "Kuna nini? Nani amekufa?"

Chiriku hakungoja. Alirukia mfereji kwa magoti, akaanza kusukuma mawe na matope kwa mikono mitupu mpaka maji yakazuilika na kugeukia upande wa majani. Yalikuwa yamekwisha kuingia karibu nusu ya shamba. Nusu ya mbali na mfereji ilikuwa bado kavu.

"Si kiu," alisema akihema. "Nimekudanganya. Ni mnyauko, na umetoka kwetu. Ulianza kwenye kitalu cha mama. Nilikuwa nikiyang'oa na kuyatupa humu kwenye mfereji ili Baba asione."

Mmoja wa mapacha alianza kulia mgongoni, naye Mama Pacha hakumbembeleza. Alitazama matope, akatazama mistari iliyolowa.

"Nilikuamini kuliko macho yangu," alisema hatimaye. "Nenda nyumbani."

*

Baba aliporudi jioni alimkuta Chiriku ameketi kizingitini, nguo zimejaa matope yaliyokauka. Alidhani amepigwa. Chiriku alimweleza yote bila kuruka jambo, tangu shina la kwanza hadi neno la mwisho la Mama Pacha. Alitarajia kofi. Angalau kofi lingekuwa na mwisho wake.

Baba hakumpiga. Aliweka nyundo yake ya mawe chini, akashika tama.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza.

"Mengi yanaonekana mazima."

"Yanaonekana," baba alirudia.

Asubuhi yake, ingawa ilikuwa siku ya mapumziko, bibi shamba alifika kwa pikipiki yake. Alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira, ambaye watu walimzoea na kumwita hivyo hata wakasahau kwamba ana jina. Mama Pacha ndiye aliyempigia simu, naye alikuwa amesimama kando, hakumsalimu mtu.

Bibi shamba alitaka bilauri ya kioo yenye maji safi. Alikwenda hadi katikati ya kitalu, akachagua shina lililosimama wima, zuri kabisa, lenye kijiti cha mama kando yake. Alilikata karibu na ardhi, akaosha ile sehemu iliyokatwa, akaning'iniza ncha yake ndani ya maji.

"Tusitikise," alisema. "Tungoje."

Walisimama wakiizunguka ile bilauri. Kwanza maji yalibaki maangavu, na Chiriku akaanza kuomba moyoni. Halafu kutoka kwenye shina ukashuka uzi mweupe, mwembamba kama wa maziwa, ukanyooka polepole hadi chini. Ukafuatiwa na mwingine.

"Basi," bibi shamba alisema kwa upole. "Hivyo ndivyo vijidudu vyenyewe. Kwa nje shina halijajijua kwamba linaumwa. Viazi vyake navyo ukivitazama utaviona vizuri tu, uvipande kwingine, vikakuumbue huko."

"Lakini huku kwetu ni baridi," baba alisema. "Marehemu alikuwa akisema ugonjwa huu ni wa watu wa chini."

"Alisema kweli. Unapenda joto. Zamani hata ukifika huku ulikuwa unalala tu. Lakini wewe mwenyewe umeona misimu hii jua lilivyo. Baridi imepungua. Swali ni uliingiaje. Haurushwi na upepo. Unaletwa na mbegu, au maji, au udongo ulioshika kwenye jembe na viatu."

Baba alitazama pale langoni. Karai la mama lilikuwa limesukumwa hadi ukutani, halina maji, limejaa majani makavu.

"Ni mimi," alisema.

Chiriku aliinua uso.

"Ule msiba ulipokuwa bado mbichi, watu walikuja kutulimia. Wengine walitoka mashamba ya bondeni, moja kwa moja, na majembe yao. Nilisimama pale langoni. Nikaona haya. Mtu amekuja kukupa pole, amekuletea nguvu zake bure, utamwambiaje aoshe miguu kwanza? Nikalisukuma karai pembeni kwa mguu. Wakapita." Alilitazama tena lile karai. "Marehemu angewaosha wote, na wangecheka, na tusingefika hapa."

Mama Pacha aliinamisha kichwa, kwa kuwa naye siku ile alikuwa miongoni mwa waliopita pale bila kuosha.

*

Kazi ya kung'oa ilichukua siku nzima. Bibi shamba aliwaonyesha mahali pa kuchimba shimo, mbali na mfereji, lenye kina kirefu. Kila shina lilitoka na viazi vyake vichanga, vingine vidogo kama gololi, vyeupe na safi. Hivyo ndivyo vilivyouma zaidi. Viazi vilivyooza unaweza kuvitupa bila kufikiri, lakini hivi vilikuwa vizuri. Chiriku alipokichukua kiazi kimoja na kukipangusa, baba alinyoosha mkono.

"Tia shimoni."

"Kimoja tu, Baba. Nitakiweka dirishani. Sitakipanda."

"Chiriku."

Alikitia shimoni. Baba aling'oa vijiti vya mama kimoja kimoja, akavitupa vilevile. Walipomwaga majivu shimoni na kuanza kufukia, baba alikaa chini ghafla juu ya udongo, akaufunika uso wake na kulia kwa sauti. Chiriku hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi. Alikwenda akakaa karibu naye, begani kwa bega, akangoja.

Mama Pacha alipanda jioni. Alikuwa ameng'oa nusu ya shamba lake iliyopata maji, na mikono yake ilikuwa imechubuka.

"Sitasema sijakasirika," alimwambia Chiriku. "Nimekasirika, na nitakasirika tena nikipita pale kesho. Lakini kama usingekuja mbio kama mwehu, leo ningekuwa nang'oa shamba zima. Nusu ile kavu bibi shamba ameipima, ni nzima. Hilo nalo nilikuja ulisikie."

"Nisamehe, mama."

"Nipe muda," Mama Pacha alijibu.

Baba alisimama, akajipangusa udongo. "Jirani, sehemu yangu ya kabichi kule nyuma haipati maji ya mfereji huu. Nikishavuna, itumie wewe mpaka lako lipumzike. Nami nitachimba mfereji wetu upya, maji yapite mbali na hapa."

"Na nyinyi mtakula nini?"

"Tutabana matumizi. Mawe bado yapo mlimani, na kuta zinabomoka kila mvua."

Mama Pacha alitikisa kichwa kukubali, akashuka zake. Kitalu kilibaki udongo mtupu. Bibi shamba alikuwa amesema wapande mahindi kwanza, kisha majani ya ng'ombe, na wasipande kiazi wala nyanya wala bilinganya hapo kwa misimu mingi. Mbegu safi ya viazi angewatafutia kwingine, lakini ya aina ile ya mama hakuahidi. Alisema hajaiona mahali pengine, na walioipanda chini walikwisha kuichanganya na nyingine zamani.

Baba alimwita Chiriku karibu na ukuta.

"Sikiliza, mwanangu. Ulipoficha lile shina la kwanza ulitaka kumlinda mama yako, najua. Nami nililisukuma karai ili nisiwavunjie watu heshima. Sote wawili tulikuwa na sababu nzuri, na viazi vimekufa vilevile. Ungeniambia siku ile ya kwanza tungepoteza kitalu, hilo halina ubishi, lakini shamba la Mama Pacha lingekuwa zima. Jambo baya liseme likiwa bado dogo, hata kama kulisema kutakuumiza wewe kwanza. Mama yako hakukufundisha kutazama majani ili uyafiche. Alikufundisha ili uite watu."

"Nilitaka kumwita yeye," Chiriku alisema.

"Hata mimi," baba alijibu. "Kila siku. Lakini kuanzia leo niite mimi. Nitakuja. Nilikosa kuja huku juu, na hilo ni kosa langu, si lako."

Waliteremka nyumbani. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena, na mlangoni Kibabu alikuwa amewasubiri tangu alasiri, maana alikatazwa kusogea kitaluni. Alitazama ndoo, zilikuwa tupu. Akatazama majembe yaliyooshwa.

"Dada, viazi vya mama vitarudi lini?"

Baba alifungua mdomo kujibu, lakini mtoto alikuwa hamtazami yeye. Chiriku alichuchumaa mbele ya mdogo wake. Angeweza kusema msimu ujao. Angeweza kusema vimekwenda kupumzika, na Kibabu angemwamini na kulala vizuri usiku ule.

"Havitarudi," alisema. "Viliumwa, tukavifukia. Vimekwisha."

Kibabu alimkazia macho kwa muda, akitafuta kama kuna utani. Hakuuona. Akaangua kilio, akimwita mama yake kwa jina alilomwita alipokuwa mchanga, na Chiriku akamkumbatia, akalia naye pale pale mlangoni, mbele ya baba, bila kujificha.